Mzio Hauachwi Nyumbani

Vijana wengi wa leo wakisikia neno "mzio" hudhani ni neno la hospitali, limebuniwa juzi na wataalamu wa lugha ili tuache kusema "aleji". Sivyo. Mzio ni neno kongwe la pwani. Wazee wetu walilitumia kwa kile chakula ambacho mtu hakisogelei, ama kwa mwiko wa ukoo wake, ama kwa kuwa kikimwingia mwilini humdhuru, hata ikiwa wenzake wa sinia moja wanakila na kuramba vidole. Huyu mzio wake pweza, yule mzio wake kaa. Ukialikwa kwa watu ilitosha kusema, "Huyo ni mzio wangu, bwana," na mwenye nyumba akakuletea kitu kingine wala asikuulize asili na fasili yake.

Ulaya walichelewa kulipatia jambo hili jina. Mwaka 1906 ndipo daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alipotunga neno ambalo sisi twalitamka aleji. Basi madaktari wetu walipotafuta neno la Kiswahili hawakwenda mbali. Walilikuta mzio limekaa barazani linawangoja.

Lakini neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu watu walijuana. Kutoka Shimoni hadi Likoni, mtoto akiingia nyumba yoyote ya mtaani kwao, mwenye nyumba ajua ni wa nani na hula nini. Ndege haina mtaa. Ndani yake wameketi watu mia na zaidi wasiojuana, wanalishwa kutoka jikoni wasikokuona, na anayewagawia chakula hajui jina la mtu ila nambari ya kiti. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Kwa maoni yangu, maskini wa kuwashinda wasafiri wote ni yule mwenye mzio mkali, tena akiwa mtoto.

KASHATA YA IDI

Nasema hivi kwa kuwa jambo lenyewe limo katika jamaa yangu. Binti wa ndugu yangu, akaaye Msambweni, ana mtoto wa kike wa miaka saba ambaye mzio wake ni njugu na korosho. Lilijulikana siku ya Idi alipokuwa na miaka miwili. Alipewa kipande cha kashata kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kabla ya kahawa ya wageni kupoa, midomo ilikuwa imevimba, mwili umejaa mabaka kama aliyevamiwa na siafu, na pumzi yatoka kwa mluzi. Mmoja akasema ni kijicho, mwingine akataka maji ya kombe. Kwa bahati alikuwapo kijana mwenye pikipiki, akawakimbiza hospitali mama na mwana, na sindano moja ya pajani ikamrudisha.

Mimi ni mtu wa chuoni, sina neno na dua. Lakini dua yaweza kuombwa huku mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali. Dawa ndiyo isiyoweza kungoja dua imalizike.

Tangu siku hiyo nyumba ile ina chungu chake, mwiko wake na kikaango chake, na mtaa mzima wajua. Shida ilizuka wazazi walipojaaliwa nauli ya kwenda Umra. Tulikaa kikao cha jamaa. Bibi yake mtoto akasema, "Mwacheni kwangu. Hapa namjua anachokula. Huko juu mawinguni nani atamjua?" Mama mtu akanigeukia: "Ami, wewe umesafiri. Twende naye ama tumwache?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia tukaulize kwanza, maana kuna msemo usemao usisafirie nyota ya mwenzio. Safari ya mtoto wa jirani iliyokwenda salama haimhusu huyu wetu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata, kwa madaktari na kwa kusoma, nami nayaandika kwa ajili ya jamaa nyingine zilizo katika kikao kama kile.

MWILI UNAPOMDHANIA RAFIKI KUWA ADUI

Mwili wa mwanadamu una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa mtu mwenye mzio, askari hao huiona njugu, chakula halali kisicho na kosa, wakaidhania ni adui. Ikiingia mara nyingine hupiga baragumu mwili mzima: ngozi huwasha na kufura, koo hubana, tumbo hukoroga, mishipa ya damu hulegea na mtu akaanguka.

Cha ajabu ni kwamba elimu ya jambo hili ilianzia safarini. Mwaka 1901 wataalamu wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, walipanda merikebu ya Mwanamfalme Albert wa Monaco, wakachunguza sumu ya viumbe vya baharini vinavyowasha, jamii ya konyeza. Waliporudi nchi kavu waliendelea na uchunguzi wao, wakaona kwamba mbwa aliyestahimili sumu mara ya kwanza, akipewa tena kidogo tu baada ya majuma machache, hufa upesi. Mwaka 1902 waliutangaza ugunduzi huo, na mwaka 1913 Richet akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Na Mungu ni mwingi wa rehema: mwaka ule ule wa 1901 Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba amepata adrenalini safi, dawa ambayo mpaka leo ndiyo ya kwanza kwa mgonjwa wa namna hii.

Adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kuzuia mwasho havichukui nafasi yake. Na saa ni jambo kubwa. Daktari Mwingereza Richard Pumphrey alichunguza vifo vya mzio nchini mwake, na katika taarifa yake ya mwaka 2000 alionyesha kwamba kwa waliouawa na chakula, muda wa kati tangu kula hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Sasa fikiri, msomaji. Ndege iko kimo cha mita 10,000. Hata rubani akiamua kushuka papo hapo, na uwanja uko chini yake, zitakwenda dakika 20 ama 30 kabla magurudumu kugusa ardhi. Kwa hiyo dawa ya kumwokoa mtoto huyo yapasa kuwa ndani ya ndege, tena karibu ya mkono wa anayejua kuitumia.

MAJINA MENGI, JINA MOJA

Kwetu Kwale hakuna asiyejua korosho. Mikorosho mikongwe ya Msambweni, Kikoneni na Lunga Lunga imesomesha watoto wengi. Mti wenyewe ni mgeni, asili yake Brazil, uliletwa na Wareno. Na njugu nyasa nazo asili yake ni Amerika ya Kusini. Akina mama wanaobangua korosho wajua jinsi mafuta ya ganda yanavyounguza vidole. Hayo ni mambo mengine, maana mafuta yale humchoma kila ayagusaye. Mzio humchagua mtu.

Kiingereza kina neno moja linalokusanya njugu, korosho, lozi na jamaa zake wote. Kiswahili chazitaja moja moja. Mhudumu wa ndege akikuuliza kwa Kiingereza kama mtoto hali hizo zote, mama wa Msambweni hufikiri njugu tu, akasema ndiyo, na korosho ikapita mlangoni. Tena njugu nyasa si jamaa ya korosho hata kidogo. Ni jamaa ya kunde na mbaazi, ingawa yenyewe huzaa ardhini. Mwenye mzio wa moja huenda hana wa pili. Lakini mwenye mzio wa korosho aghalabu huwa na mzio wa zile kokwa za kijani ambazo Waarabu huziita fustuki, nazo hunyunyizwa juu ya halua na vitamutamu vingi vya Bara Arabu.

Kiarabu nacho kina mtego wake. Jedda utakuta asubuhi watu wanakula ful, maharage yaliyopondwa. Lakini ful sudani ni njugu nyasa. Anayejua neno la kwanza asilijue la pili yaweza kumponza.

Kuna habari moja njema kwa watu wa nazi. Wengi wenye mzio wa njugu na korosho hula nazi bila ya dhara, na mwezi wa Januari 2025 idara ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa nazi katika orodha yake ya kokwa za mitini ambazo lazima zitangazwe kwenye pakiti kuwa ni mzio. Walakini wako wachache ambao nazi yenyewe huwadhuru, basi asijaribu mtu kwa kusoma gazeti. Aulize daktari wake.

HATARI IKO MEZANI

Watu wengi huogopa kwamba abiria wa mbali akifungua pakiti ya njugu, hewa ya ndege itamfikishia mtoto sumu. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza, waliokusanya tafiti za miaka mingi kwa ajili ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, walieleza kwamba hawakuona ushahidi wa njugu kusambaa kwa mfumo wa hewa wa ndege. Hewa ile huchujwa vikali. Hatari iko katika chakula chenyewe, na katika masalio yaliyoganda juu ya meza ya kukunjwa, kitini na kwenye ukanda alipokaa mla njugu wa safari iliyotangulia. Kwa hiyo walishauri wasafiri waruhusiwe kuingia mapema wapanguse viti vyao. Mtoto hushika meza, kisha akashika mdomo. Kitambaa kibichi chenye sabuni chafanya kazi kubwa kuliko maombi kwa abiria wote.

Chakula kinachonunuliwa uwanjani nacho kisidharauliwe. Tarehe 17 Julai 2016, msichana wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa mboga katika uwanja wa Heathrow, London, akapanda ndege kwenda Nice, Ufaransa. Mzio wake mmoja ulikuwa ufuta, na ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wala haukuandikwa kwenye karatasi ya mkate. Babake alimdunga sindano mbili za adrenalini wakiwa hewani. Alifariki siku hiyo hiyo hospitalini Nice. Wazazi wake hawakunyamaza, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 sheria iitwayo kwa jina lake inawalazimu wauzaji wa Uingereza waandike kila kiungo juu ya chakula kinachofungwa palepale dukani. Huo ufuta ndio simsim yetu tunayoinyunyiza juu ya mikate bila ya kufikiri mara mbili.

Basi tuliagizwa hivi. Adrenalini iwe ya dozi mbili kwa uchache, maana moja yaweza isitoshe, na ya pili hutolewa baada ya dakika tano hali isipotengemaa. Ikae katika mkoba wa mkononi, chini ya kiti, isipelekwe kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Iwe na barua ya daktari kwa ajili ya wakaguzi. Isikae juani wala garini, kwa kuwa hutakiwa joto lisilozidi nyuzi 25, na sisi twajua Diani ya mwezi wa Machi. Wala isigandishwe kwa barafu. Ile sindano ya mfano wa kalamu, ijidungayo yenyewe, ni ghali na si kila duka la dawa utaikuta, hivyo daktari yapasa aulizwe mapema sana, ili aonyeshe njia nyingine na awafundishe wazazi kwa mikono yao. Mwezi wa Agosti 2024 Marekani iliidhinisha adrenalini ya kupuliza puani. Twaomba nayo ifike kwetu kwa bei ya mtu wa kawaida. Ndege kubwa nyingi huchukua sanduku la dawa za dharura ambamo aghalabu adrenalini imo, lakini huwa ya chupa na yataka mjuzi. Zile ndege ndogo za injini moja hata mhudumu hazina.

Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua aketishwe. Asisimamishwe wala asitembezwe kupelekwa msalani kutapika.

Na neno "hakuna shida" lisikubaliwe. Katika afisi moja ya tikiti, ambayo sina haja ya kuitaja, tuliuliza kama chakula cha ndege kina korosho. Hakuna shida. Je, mhudumu ataarifiwa? Hakuna shida. Je, mtaliandika? Hakuna shida, na kalamu haikuguswa. Neno hilo tumewazoesha watalii mpaka limetuzoea sisi wenyewe. Mama mtu akaamua mtoto asile chochote cha ndege. Akamfungia mahamri ya nyumbani, mayai ya kuchemsha na ndizi.

MAMA WA VANGA

Tulikwenda naye. Daktari alikubali, na bibi yake akakubali baada ya kuona mkoba wenye sindano na barua. Tulipanda ndege Ukunda mpaka Nairobi, kutoka huko tukapanda ile kubwa ya Jedda. Mama alipangusa meza, mikono ya viti na mikanda. Mhudumu mmoja alimsikiliza kwa adabu, kisha baada ya nusu saa mwenzake akamwekea mtoto mbele yake kijipakiti cha korosho. Kilirudishwa.

Lakini hatari iliyonitia jasho haikutoka kwa wahudumu. Ndege ya mahujaji ni karamu. Kila mtu amefungiwa kitu na nyumbani kwake, na kila mtu ataka thawabu ya kulisha wenzake. Halua yapita, tende zapita, visheti vyapita. Mama mmoja mtu mzima wa Vanga, aliyeketi ng'ambo ya njia, alikunjua leso yake, akatoa kashata za njugu, akanyoosha mkono kwa mtoto. "Shika, mjukuu wangu."

Adabu yetu twaijua. Mtoto hakatai mkono wa mtu mzima, na mkono wa anayekwenda Makka zaidi. Mtoto akamtazama mamake. Mamake akasema, "Mama, Mungu akulipe kheri. Si kwamba twaukataa mkono wako. Ana mzio wa njugu."

Yule mama akaurudisha mkono kama aliyegusa moto. "Mzio? Mbona hukusema mapema, mwanangu! Mzio si wa kuchezewa. Marehemu mamangu mzio wake ulikuwa kamba, mchuzi tu ulimfura uso." Akazifunga kashata leso ndani ya leso, akenda kunawa mikono kwa sabuni. Aliporudi akawatangazia wanawake wa safu zile kwa sauti iliyofika nyuma: huyu mtoto hapewi kitu ila na mamake. Hakuna aliyempa tena.

Nilikaa kimya nikifikiri. Tulikuwa na barua ya Kiingereza yenye mhuri, na korosho ilipita juu yake. Neno moja la wazee lilisimamisha safu nne za viti.

KUACHA CHAKULA SI KUTUKANA

Wako watakaosema kwamba kukataa riziki ni kiburi. Hao nawakumbusha kisa kilichomo katika hadithi sahihi, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoandaliwa mnyama wa jangwani mfano wa kenge, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akamla, na Mtume anamtazama. Aliyekula hakulaumiwa, na aliyeacha hakumtukana mwandazi. Ikiwa nafsi kutotaka ni udhuru, koo kuziba ni udhuru mkubwa zaidi. Dini iliyomruhusu mgonjwa kufungua mchana wa Ramadhani haiwezi kumlazimisha mtoto kashata.

Jambo la mwisho nawaelekezea wapishi wetu. Hoteli za Diani zimejaa vijana wa Ukunda, Msambweni na Matuga. Mgeni wa Kijerumani akiketi mezani, kijana wetu humwuliza kama kuna chakula kinachomdhuru, akaandika, akapeleka jikoni, na mpishi hubadili sufuria. Kazi hiyo waijua barabara. Jioni kijana yule yule hurudi mtaani, akaitwa kusaidia sufuria la biriani la arusi, na korosho zikasagwa ndani ya mchuzi bila ya mtu kuuliza wala kuambiwa. Swali amwulizalo Mjerumani kwa mshahara na amwulize jirani yake kwa hisani. Na wenye ndege, waandikaji wa tikiti na wauzaji wa viwanjani, wakisikia neno mzio, wasicheke wala wasiseme hakuna shida. Washike kalamu.